Mguu Uliolala Bweranyange

Mwanzoni mwa mwaka 1862, kwenye makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe pale Bweranyange, kulikuwa na mgeni aliyelala kibandani, hawezi hata kusimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba juu ya goti hadi ukapoteza umbo. Goti lilikaza, likajikunja, likakataa kunyooka. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa ulikuwa wa maumivu makali. Ukachanjwa, majimaji mengi yakatoka, akapata nafuu ya muda. Kisha pakavimba mahali pengine, ukachanjwa tena. Kila siku mgonjwa aliukamua mguu wake kwa mikono yake mwenyewe ili kilichojaa ndani kipate kutoka.

Jina lake lilikuwa James Augustus Grant, Mskoti wa miaka 34, kapteni wa jeshi la Waingereza nchini India. Yeye na mwenzake John Hanning Speke walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1860 wakitafuta mahali Mto Nile unapoanzia, na Novemba 1861 wakaingia Karagwe. Rumanyika aliwapokea vizuri mno, wote wawili wameandika hivyo. Januari Speke akaondoka kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant akabaki na mguu wake.

Wanangu mnaosoma biolojia, mlioko Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda na Kaisho, na ninyi mliotoka huko mkaenda vyuoni, leo nataka tuingie ndani ya mguu huo. Najua mnavyokariri seli: utando, kiini, saitoplazimu, mitokondria, ribosomu, kama kondakta anayetaja vituo kati ya Omurushaka na Bukoba. Mtihani ukiisha, vituo vinasahaulika. Lakini ukishaona kituo kimoja kimefungwa, na ukaona yaliyompata msafiri kwa sababu hiyo, hutakisahau tena. Na kisa cha kituo kilichofungwa tunacho hapa hapa nyumbani. Kina miaka zaidi ya 160, na mgonjwa mwenyewe alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1864.

Tuanze na waganga, kwa sababu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na hoja yake. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto na kurudi Afrika akiwa mtu mzima, alikuwa mkalimani wa msafara. Yeye alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika: samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Wakaipasha moto wakaibandika. Grant aliona imembana tu kama bendeji iliyokazwa sana. Mkalimani mwingine, Baraka, alisema nyoka ameutemea mguu ule mate. Kuuma hakuuma, alisisitiza Baraka, maana alama ya meno haipo. Ni mate.

Ndipo akaja Nnanaji, ndugu yake Omukama. Huyu hakubahatisha. Alisema ugonjwa huu anaujua vizuri, na atamleta mtu wa kuutibu. Akaja Mnyambo mmoja mpole na mkewe. Grant anasifu mikono ya mganga yule ilivyomgusa kwa utaratibu. Akamchanja chale ndogo ndogo, akawatoa nje watazamaji wote, na mkewe akafungua jani la mgomba lililokunjwa, ndani mna dawa nyeusi mfano wa uji mzito. Wakailainisha kwa mate, wakaipaka kwenye chale, ikawasha. Kisha wakamfunga kijiwe kifundoni kiwe hirizi.

Nimewaza sana juu ya watu hawa. Msiwacheke. Chale za wembe na mate hatuzitaki leo, tunajua yanayopita humo. Lakini Nnanaji alipotamka kwamba ugonjwa huu anaufahamu, alitamka jambo kubwa: ulikuwa na wenyeji wake, na watu wa Karagwe waliutofautisha na majipu na vidonda vingine kabla daktari yeyote hajauandika kitabuni. Na Baraka je? Huyo ndiye anayenishangaza kuliko wote. Alitafuta kitu kinachoangamiza nyama bila kuacha alama ya jino, akakisia kwamba ni sumu. Nyoka hakuwepo. Sumu ilikuwepo.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1897, daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika juu ya wagonjwa wenye vidonda vipana vya ajabu. Mwaka 1948, mbali kabisa, katika jimbo la Victoria nchini Australia, Peter MacCallum na wenzake walieleza bakteria waliyemkuta kwenye vidonda vya aina hiyo. Ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu na yule wa ukoma, akapewa jina Mycobacterium ulcerans. Miaka ya 1960 wagonjwa wengi wakaonekana Uganda, katika eneo la Buruli karibu na Nile, na ugonjwa ukabaki na jina hilo: kidonda cha Buruli. Madaktari waliokuja kusoma maelezo ya Grant wakaitambua sura yake. Uvimbe ule, kukaza kule, majimaji yale mengi, wakasema huu ni Buruli wa aina kali ya kuvimba, na kwamba maelezo yake huenda ndiyo ya kwanza duniani kuandikwa. Yaliandikwa juu ya mguu uliolala Bweranyange.

Sasa tuingie.

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Ukizihesabu moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya karibu miaka milioni moja. Ngozi ya paja ina tabaka la juu la seli zilizobanana kama vigae, chini yake tabaka gumu lenye nyuzi za kolajeni, chini zaidi mafuta, kisha misuli. Katikati ya vyote hivyo hupita mishipa midogo ya damu iitwayo kapilari, myembamba kiasi kwamba seli nyekundu za damu hupita moja moja, kwa foleni. Na hupita neva.

Bakteria wetu hakai popote tu. Ana sehemu aipendayo, na sababu yake ni joto. Ndani kabisa ya mwili, kwenye ini na moyo, joto ni nyuzi 37 hivi. Ngozi ya miguuni ni baridi zaidi, mara nyingi kati ya 30 na 33. Tofauti hiyo inasimamiwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Usiku wa baridi unapoingia kwenye vilima vya Karagwe, haipothalamasi huamuru mishipa ya ngozi ijibane, damu yenye joto ibaki ndani kulinda viungo vikuu. Ngozi hupoa, na ndiyo maana vidole vinakufa ganzi asubuhi unapokwenda kisimani. Mycobacterium ulcerans hustawi kwenye nyuzi 29 hadi 33. Kule Australia walimwotesha kwenye nyuzi 37 kama walivyozoea kuwaotesha bakteria wengine, hakuota. Joto liliposhuka kidogo ndipo akaota. Kwa hiyo hukaa kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake, na viungo vya ndani haviwezi.

Tena ni mvivu. Bakteria wa tumboni aitwaye Escherichia coli, akipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20. Huyu huhitaji zaidi ya siku nzima kugawanyika mara moja. Kumbuka hilo unapoona Grant akiugua miezi mitano.

Lakini angewezaje kiumbe mvivu namna hiyo, mrefu kama sehemu chache za elfu za milimita, kuharibu paja la kapteni? Kwa miaka mingi wapimaji walitazama kipande cha ngozi ya mgonjwa kwenye darubini wakashangaa. Bakteria walikuwa wamerundikana mahali pamoja, na nyama iliyokufa ilienea mbali sana na walipo. Mwuaji yuko chumbani, maiti wako uwanjani. Lazima kulikuwa na kitu kinachosafiri. Mwaka 1999 watafiti walikitenga na kukieleza: sumu ya asili ya mafuta, wakaiita mikolaktoni.

Asili ya mafuta. Shika maneno hayo, ndiyo ufunguo.

Kila seli imezungukwa na utando, na utando huo ni matabaka mawili ya mafuta yaliyobanana. Sisi watu wa ng'ombe tunaweza kuulewa utando kuliko wengine. Chukua samli iliyoganda, mwagia maji: yanateleza juu, hayaingii. Sasa dondoshea samli iliyoyeyuka: inajichanganya, huoni tena ya kwanza iliishia wapi. Utando ndivyo ulivyo. Sukari ya damu na chumvi, ambazo hupenda maji, haziwezi kupenya hivi hivi. Huhitaji milango maalumu, na milango hiyo ni protini zilizopachikwa katikati ya utando. Ndivyo seli inavyochagua kinachoingia na kinachotoka, na uchaguzi huo ndio uhai wenyewe. Lakini mikolaktoni haina haja ya mlango. Mafuta hukutana na mafuta. Inaingia kama samli ndani ya samli.

Ikishaingia, inakwenda wapi?

Ndani ya kiini cha seli kuna DNA, mnayoijua, yenye maelezo ya kutengeneza kila protini ya mwili. Maelezo hayatolewi nje ya kiini. Hunakiliwa, na nakala, yaani RNA, ndiyo inayotoka na kupelekwa kwenye ribosomu. Ribosomu husoma nakala na kuunganisha amino asidi moja baada ya nyingine, kama msusi wa mkeka anavyoongeza ukindu. Aina za amino asidi ni 20, na kwa hizo 20 hutengenezwa kucha, insulini, na himoglobini ya damu.

Protini nyingine zitabaki humo humo ndani ya seli. Lakini theluthi moja hivi zina safari: ama zinatoka nje ya seli, ama zinakwenda kupachikwa kwenye utando ziwe milango na vipokezi. Zinajuaje pa kwenda? Mwanzoni mwa kila protini ya namna hiyo kuna kipande kifupi kinachofanya kazi ya anwani. Günter Blobel, aliyefanya kazi New York, alipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua jambo hilo, na alipewa mwaka huo huo wa 1999. Anwani ikichomoza, ribosomu nzima huchukuliwa na kuegeshwa kwenye vifuko na vichochoro vya utando vilivyotandaa karibu na kiini, viitwavyo retikulamu endoplazimu. Hapo pana lango dogo sana, limepewa jina Sec61. Protini hupitishwa langoni huku bado inasukwa, ncha ikiwa ndani na shina likiwa bado kwenye ribosomu. Upande wa pili hukunjwa, hukaguliwa, hupakiwa na kusafirishwa.

Mwaka 2014 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba hapo ndipo mikolaktoni inapofanya madhara yake. Huzuia lango la Sec61. Protini zenye safari hazipiti.

Nenda Murongo, kule Kyerwa, mahali Mto Kagera unapotutenga na Uganda. Fikiria daraja limefungwa asubuhi. Shambani hakuna aliyepata habari: mikungu inakatwa, magari yanapakiwa, foleni inarefuka hadi haionekani mwisho wake. Jioni ndizi zimeanza kuiva ndani ya magari, kesho yake zinaoza. Upande wa pili wenye maduka wanangoja. Hakuna aliyechoma kibanja, hakuna aliyevunja duka. Daraja limefungwa, basi, na pande zote mbili zinaumia. Ndani ya seli ni vivyo hivyo. Ribosomu zinaendelea kusuka, protini zinamwagika upande usio wake, na seli ina mtambo wa kukatakata protini zilizopotea njia, proteasomu, nao unazikata zote zirudi kuwa amino asidi. Kazi ya siku nzima imekwenda bure. Siku zikizidi, seli nyingi hushindwa kuvumilia, zikajiua kwa utaratibu ule mnaoujua kwa jina la apoptosisi.

Na sasa, kwa kujua lango moja tu, tunaweza kuusoma mguu wa Grant kama tunavyosoma gazeti.

Kwa nini ulivimba? Kila siku maji ya damu huvuja kidogo kutoka kwenye kapilari, hulisha seli, kisha sehemu hurudi kwenye damu na sehemu huokotwa na mishipa ya limfu. Mguu mzima hukaa katika mizania hiyo, yanayotoka na yanayorudi. Seli zinazotanda kuta za kapilari hubeba juu yake protini iitwayo thrombomodulini, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo ndani ya mshipa. Protini hii huchakaa haraka, na mpya lazima ipite langoni. Lango likifungwa, ya zamani inakwisha na mpya haiji. Nyuzi za mgando zinajitokeza palipopaswa kuwa safi, kuta zinalegea, maji yanavuja kuliko yanavyorudi, na nyama iliyo mbele inakosa oksijeni. Hayo ndiyo maji aliyokuwa akiyakamua kila siku.

Kwa nini mwili haukupigana? Mwizi akiingia kibanjani, wa kwanza kumwona hupiga yowe, na majirani huja na fimbo. Seli nyeupe zina yowe lao. Ni protini ndogo ziitwazo saitokini, zinazotolewa nje ya seli kuita nyingine. Zinatolewa kupitia wapi? Umeshajibu. Seli nyeupe imemwona adui, imeandaa yowe, na mdomo umezibwa. Wagonjwa wengi wa Buruli hawana hata homa, na sababu yake ni hiyo hiyo: homa hutokea pale saitokini zinapofika kwenye haipothalamasi na kuiambia ipandishe joto. Yowe lisipotoka, kijiji kinalala.

Kwa nini Grant aliumwa sana? Hapa pana fundo, na mwanafunzi makini angekuwa ameshaniuliza. Kwa kawaida Buruli hauumi. Huanza kama kifundo kigumu chini ya ngozi, mtoto anacheza nacho, mama anakibonyeza na mtoto halalamiki, kwa sababu sumu huzidhuru neva zinazopeleka habari za maumivu. Kutouma huko ndiko kumewapoteza wengi, maana nani aende hospitali kwa kitu kisichouma? Lakini aina ya kuvimba, ile inayosambaa upesi kwenye mguu mzima, inaweza kuja na maumivu na homa. Huenda shinikizo la maji yaliyojaa ndani huzikandamiza neva ambazo hazijafa ganzi. Mguu wa Grant ulikuwa wa aina hiyo.

Leo kijana wa Karagwe au Kyerwa akiona uvimbe au kifundo kisichouma, kimekaa majuma kadhaa na kinakua, asikibandike kitu. Aende Nyakahanga, aende Isingiro, au kituo cha afya kilicho karibu, akionyeshe. Inaweza kuwa jambo jingine kabisa, na hata hilo jingine linahitaji jicho la mganga wa hospitali. Nchi zinazoujua sana Buruli siku hizi ni za Afrika Magharibi, kama Ghana na Benin, pamoja na Australia, lakini mto haujui mpaka, na ugonjwa huu hupenda maeneo ya mabwawa na mito iendayo polepole.

Tiba yake nayo ni somo la seli. Ni dawa mbili kwa wiki nane, rifampisini na klarithromaisini. Rifampisini humzuia bakteria asinakili DNA yake kuwa RNA. Klarithromaisini hujibandika kwenye ribosomu za bakteria, kusuka kukasimama. Ribosomu zetu haziguswi kwa sababu umbo lake ni tofauti na la bakteria, tofauti ndogo iliyotokea mabilioni ya miaka nyuma ukoo wetu na wake ulipoachana. Kwa hiyo bakteria anazuia protini zetu langoni, nasi tunazuia zake kiwandani. Kila nikifundisha hapo, ninasimama kidogo. Nataka mwanafunzi alione jambo hili jinsi lilivyo zuri.

Grant hakuwa na dawa hizo. Na mguu wake uligusa hata historia ya dunia. Julai 1862, baada ya wawili hao kukutana tena Buganda, Speke aligeuka mashariki kwa mwendo wa haraka kuelekea mahali Nile inapotoka ziwani, Jinja ya leo. Grant alipelekwa kaskazini, kwa Omukama Kamurasi wa Bunyoro. Mguu uliotoka Karagwe haukuweza mwendo wa Speke. Tarehe 28 Julai Speke akasimama kwenye maporomoko bila mwenzake. Aliporudi Uingereza wapinzani wake, Richard Burton akiwa mbele, walimtilia shaka, na Septemba 1864 Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton. Sisemi kwamba mikolaktoni ndiyo iliyoleta ugomvi huo. Wanadamu wana sababu zao za kugombana. Lakini shahidi mmoja hakuwepo maporomokoni kwa sababu goti lake halikunyooka, na goti halikunyooka kwa sababu ya yaliyotokea kwenye seli za ngozi.

Turudi kibandani. Buruli, hata usipotibiwa, mara nyingi hufika mahali ukachoka. Seli nyeupe mpya zinazidi kuja kutoka kwenye uboho wa mifupa, na pembezoni mwa uharibifu, sumu ilikopungua, baadhi zinapata nafasi ya kupiga yowe. Moja ikisikika, zinakuja kumi. Bakteria wanazingirwa. Sumu inapungua zaidi, malango yanafunguka zaidi. Nyuma yao zinaingia seli za kusuka kovu, zimebeba kolajeni, na kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwako. Seli hizi hazisuki tu, hujikunja pia, zikivuta kingo za jeraha zikaribiane. Kwenye mgongo hilo halina tabu. Kwenye goti kovu huvuta kiungo, na mtu asipokinyoosha mapema, mguu hubaki umejikunja. Ndiyo sababu siku hizi wauguzi humwamsha mgonjwa wa Buruli na kumnyoosha hata akilia. Grant hakuwa na wa kumnyoosha, naye alibaki amekunjika kwa muda mrefu.

Katika mwezi wa tano wa kuugua, ugonjwa uliishiwa nguvu. Aprili watu wa Mutesa wangemchukua kwa machela kumpeleka Buganda. Lakini kabla ya machela ilikuja siku ambayo Grant aliweza kutoka nje ya kibanda, akavuta hewa, akatazama ziwa lililo chini ya kilima na vilima vilivyolizunguka. Kitabuni mwake anaonekana amefurahi kama mtoto. Wakati ameketi pale akitazama maji, ndani ya paja lake, katika seli zisizohesabika, ribosomu ilikuwa inaegeshwa kwenye lango, anwani inachomoza, na uzi wa kolajeni, amino asidi baada ya amino asidi, unapita.